Mkia wa Ndege wa Kioo

Mapambo mengi ya mti wa Krismasi huning'inia. Ndege wa kioo hutua. Tumboni ana springi fupi iliyoungwa kwenye kibanio cha bati, na kibanio kikishashika tawi, ndege husimama akitikisika kidogo kila mtu apitapo karibu. Mkia wake ni kitita cha nyuzi za kioo, nyembamba kama nywele. Wapo wanaowakusanya ndege hawa maisha yao yote, na wapo wanaouona ukusanyaji huo kuwa mchezo wa kitoto. Mimi nasimama na wakusanyaji, kwa sababu katika ufundi huu shida ya kazi yenyewe ndiyo iliyogeuzwa kuwa uzuri.

Shahidi wangu mkuu ni huo mkia. Kule Lauscha, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Thuringia, Ujerumani, ambako karakana ya kioo ilianzishwa mwaka 1597, fundi huanza na mrija. Huuzungusha kwenye mwali hadi ulainike, kisha hupuliza kwa kinywa, mara nyingi ndani ya kalibu, tumbo likajaa na kichwa kikachomoza. Lakini kitu kilichopulizwa hakikosi tundu, mahali pumzi ilipopitia. Kwa tundu hilohilo humiminwa maji yenye nitrati ya fedha, yakatikiswa mpaka ukuta wote wa ndani ung'ae. Ndiyo maana mng'ao wa ndege huyu hutokea chini ya rangi, wala haukupakwa juu yake. Mwishowe tundu, ambalo fundi mwingine angeliziba tu ili lisionekane, huchomekwa zile nyuzi. Pale pumzi ilipoingilia ndipo mkia unapoota. Wembamba wa ukuta nao una historia yake: mji ulipopata kiwanda cha gesi mwaka 1867, mafundi waliachana na taa zenye moto mgumu kuutawala, wakapata mwali mkali wa kuongezwa na kupunguzwa watakavyo.

Huambiwa kwamba ndege wa plastiki ni rahisi na havunjiki. Ni kweli, na kwa sababu hiyohiyo hakuna anayemwangalia mara mbili, akichakaa hutupwa. Ndege wa kioo aliyepulizwa kabla ya vita vya 1914, akiwa mzima leo, amefungwa kwenye karatasi kila Januari na mikono iliyopokezana, na kila mkono ungeweza kumvunja. Uzima wake ni ushahidi wa utunzaji ambao plastiki haiwezi kuutoa, kwa kuwa haikuudai.

Pingamizi zito ni jingine. Mwaka 1880 mfanyabiashara wa Marekani, F. W. Woolworth, alianza kuagiza mapambo ya Lauscha na kuyauza kwa senti chache. Nyuma ya bei hiyo kulikuwa na familia nzima zilizofanya kazi nyumbani: baba kwenye mwali, mama kwenye fedha, watoto wakipaka rangi, saa nyingi kwa ujira mdogo. Je, anayewasifu ndege hausifu umaskini huo? Angeusifu kama angependa urahisi wao. Lakini mkusanyaji makini hutazama kazi: jinsi jicho lilivyotiwa nukta, jinsi rangi ya bawa ilivyofifia kuelekea mgongoni, ukingo wa kalibu ulivyosawazishwa au ulivyoachwa. Waliofanya hayo wengi wao hawakuacha saini, na macho hayo yanayochunguza ndiyo karibu heshima pekee inayowafikia. Kwa walio hai heshima hiyo haitoshi. Karakana za Lauscha bado zinapuliza, baadhi kwa kalibu za zamani, na ndege wao mpya ni ghali kuliko wa kiwandani. Anayeupenda ufundi huu ailipe bei hiyo bila kuomba punguzo, kwa sababu ni ujira wa mtu aliyeketi mbele ya moto.