Empakaai, Jamani! Twende Tena Hata Kesho

Jamani, jamani, jamani! Mwambie mteja asubiri kidogo, sogea hapa nikusimulie nilikotoka. Empakaai! Ndiyo, hukohuko Ngorongoro, lakini siyo ile kreta kubwa ambayo watu wanaizunguka wakiwa ndani ya gari. Hii unaishuka kwa miguu yako mwenyewe, mpaka chini kabisa, ndani ya volkano iliyozimika zamani za kale. Mimi hapa napita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mikokoteni inanikosakosa, lakini akili yangu bado iko kule kule!

Baridi kwanza. Wee! Baridi kali, safi, tamu, ya kung'ata masikio. Sehemu za ukingo zinapita mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na sisi wa Ilala tunaolala na feni usiku kucha tulikuwa tunachekana meno yanavyogongana. Jaketi langu zito la mtumba nililolichagua sokoni Karume sikulivua hata dakika moja! Ukungu ulikuwa umejaa tele, mweupe, mzito, huoni hata mti wa mbele. Halafu ukaanza kupasuka katikati, taratibu, na ziwa likajitokeza chini kule, kubwa, bluu iliyoiva, na pembeni mwake utepe wa waridi. Nikawa nauangalia ule utepe, mara ukatembea! Heroe! Ndege watupu, wamejipanga ukingoni mwa maji. Nilipiga kelele, sikujali nani ananisikia.

Na bado!

Njia inaingia msituni, mwinamo mkali hasa, udongo mweusi laini unaobonyea ukikanyaga, na miti mikubwa, mizee, imeota ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini mpaka zinakugusa shavu. Mbele anatangulia askari wa uhifadhi na bunduki yake, maana nyati wapo kwelikweli. Mahali fulani akainua mkono, sote kimya. Akatuonyesha kinyesi cha nyati, kibichi kabisa, bado kinafuka mvuke. Yaani amepita sasa hivi! Tuliganda pale, tunasikia pumzi zetu tu na tawi likivunjika mbali huko, mpaka askari akatupa ishara ya kuendelea.

Kule chini sasa, ndugu yangu, nashindwa hata pa kuanzia. Maji ni ya magadi, harufu yake inakukaba kooni, tope linang'ang'ania soli, na heroe wanapiga kelele kama Kariakoo mkesha wa Idi! Simama hapo ugeuke polepole: ukuta wa kijani pande zote, mrefu, mnene, umekuzunguka. Na hapo uliposimama palikuwa na mlima! Ulitapika moto mpaka ndani ukabaki mtupu, kilele kikaporomoka chenyewe, mvua ikajaza shimo, ndege wakahamia. Nilichuchumaa nikashika jiwe moja jeusi tii, zito, la baridi, nikawaza lilivyokuwa likichemka.

Kupanda kurudi ni shughuli, sikufichi. Mapaja yanawaka, hewa nyepesi, unasimama kila kona. Lakini ukifika juu na anga likiwa jeupe, ile pale volkano ya Ol Doinyo Lengai, imechongoka, imenyooka, na yenyewe bado iko hai, ililipuka 2007! Iliyozimika unaikanyaga, iliyo hai unaitazama. Wapi tena utapata hivyo?

Sasa sikiliza. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno ukilinganisha na anacholipa mgeni. Basi la alfajiri kutoka Mbezi, lala Arusha, kesho yake Karatu. Jikusanyeni mchangie gari, kwa sababu barabara ya huko juu inataka gari la nguvu hasa. Nendeni kati ya Juni na Oktoba njia ikiwa kavu, na ombeni askari mapema. Mwaka huu, tafadhali, usiseme mwakani. Na kama kwenye gari kuna nafasi moja, nipigie, nakuja!