Umri wa ilungu umo katika nasaba

Njia ya Sumbawanga kwenda Nkansi ina malungu (umoja: ilungu) ambayo bado yamesimama mashambani: matanuri ya udongo yenye kimo cha mita tatu hivi, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa kwenye vintengwe, vijitanuri vya mivukuto, ndipo mhunzi akakipokea. Greig aliandika habari za kazi hiyo mwaka 1937. Baadaye Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alibainisha mapokeo matatu ya uyeyushaji huko Nkansi: Katukutu, Malungu na Barongo.

Ubainishaji wa namna hiyo unasimama juu ya kumbukumbu safi. Kipande cha mavi ya chuma kisichoandikwa kimeokotwa tanuri gani na kina gani hakimfai mtu tena. Wanaakiolojia wana msimbo wa herufi unaotaja mraba wa latitudo na longitudo, kisha namba ya kituo. Msimbo uleule ukiwa kwenye mfuko, daftari na picha, mtafiti mwingine atarudi palepale.

Kazi ngumu ni kujua umri. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na malungu mengi ni ya karne ya 19 na mwanzo wa 20, hivyo umri ndio unaoamua kama ilungu linalindwa hivyo. Kaboni 14 haiamui hapo, maana mkaa wa ndani ya miaka 300 iliyopita hutoa makadirio mapana mno ya umri. Anayebaki ni mzee anayesema ilungu hili lilijengwa na babu wa baba yake, na kumtaja kwa jina.

Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na njia nyepesi ya kuitii ni kufuta majina. Kwa malungu naipinga kabisa, kwa kuwa nasaba ikifutwa ushahidi wa umri umekwenda nayo. Vipimo, picha na misimbo viwekwe wazi. Sauti, nasaba na fomu za ridhaa zifungiwe penginepo chini ya msimbo uleule, na kila anayezifungua asajiliwe. Habari za ntangala, kikapu cha dawa za fundi mkuu, zisitoke bila idhini ya ukoo. Nakala ya kumbukumbu zote ihifadhiwe Sumbawanga, na mzee aelezwe hayo yote kabla ya kinasa sauti kuwashwa.