Mgeni na Kanuni za Mwenyeji: Kigezo cha Kutathmini Hadithi za Kukutanisha Wahusika

Mashindano ya uandishi yanayowataka washiriki kuwakutanisha wahusika wa kazi mbili tofauti katika hadithi moja humkabili mwamuzi kwa swali la kinadharia: mhusika anapovuka kutoka ulimwengu wa kubuni wa mwandishi mmoja hadi wa mwingine, ni nini hasa kinachovuka? Jibu jepesi ni jina. Msomaji hulitambua, hufurahi, na furaha hiyo huhesabiwa kuwa sifa ya hadithi. Makala haya yanadai kwamba kigezo hicho hakitoshi. Mkutano wa aina hii unapaswa kupimwa kwa namna mgeni anavyokabiliana na kanuni za ulimwengu wa mwenyeji wake.

Mfano bayana ni wa Maurice Leblanc. Mwaka 1906 mwandishi huyo Mfaransa alichapisha katika jarida la Je sais tout hadithi iliyompambanisha mwizi wake mtanashati, Arsène Lupin, na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Doyle alipopinga, Leblanc alihamisha herufi moja tu: S ya jina la kwanza ikapelekwa mwanzoni mwa jina la pili, akazaliwa Herlock Sholmès. Kiisimu, badiliko hili lina funzo. Jina limevurugwa lakini msomaji hapotei, kwa kuwa utambulisho wa mhusika umekwisha kukaa katika mwenendo wake: namna anavyotazama, anavyokisia na anavyosema.

Katika ulimwengu wa Doyle, kwa kawaida akili hufichua, na ufichuzi hurejesha utaratibu. Kwa Leblanc, wizi ni mchezo na mwizi ndiye mwenye uwanja. Mpelelezi anafumbua upesi fumbo la njia ya siri ya kasri, wala akili yake haipunguzwi. Ila amechelewa, na saa yake iliyoibwa na Lupin inarudishwa kwake ndani ya kifurushi. Mgeni ameachiwa kipaji chake, akanyimwa tu matokeo ambayo kipaji hicho humpatia kwao. Kinyume chake, katika kitabu cha 1908, Wilson, ambaye ndiye Watson wa Leblanc, anafanywa kichekesho: anavunjwa mkono na mwenzake hajali sana. Hapo mwenyeji anashinda kwa kumdunisha mgeni.

Fasihi ya Kiswahili ina mfano wa karibu, nao uling'ara mashindanoni. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya 1957-1958 ya East African Literature Bureau, ikachapishwa 1960. Bwana Msa na kiko chake, pamoja na mwenzake Najum, huwakumbusha wahakiki Holmes na Watson, na ni rahisi kuuita mfanano huo uigaji. Lakini maiti ya Bwana Ali inapokutwa penye mzimu, Bwana Msa hakabiliwi na muuaji peke yake, bali pia na imani inayoweza kukieleza kifo hicho kabla ya upelelezi kuanza. Ni kweli kwamba katika The Hound of the Baskervilles Holmes naye hupambana na imani ya laana. Hata hivyo, laana hiyo ni ya ukoo mmoja, mbali na makao yake ya London. Bwana Msa hufikiri miongoni mwa watu wake, kwa lugha ileile inayoihifadhi imani anayoihoji. Jina halikuvuka, kilichovuka ni mbinu, nayo ikalazimika kujibu swali la mahali ilipofika.

Kwa msingi huo, mwamuzi anayetuza utambuzi wa majina hutuza kumbukumbu ya msomaji, si kazi ya mwandishi. Hadithi inayostahili tuzo ni ile ambayo majina yakifutwa, mgongano wa kanuni za malimwengu mawili hubaki ukisomeka.