Mji wa Hesabu na Mji wa Burudani

Kila mtoto aliyepata kucheza mchangani amewahi kujenga mji. Vijiti huwa nguzo, vifuu huwa nyumba, na mfereji uliochorwa kwa kidole huwa mto. Tamaa ya kujenga ni ya kale kwa binadamu. Kompyuta haikuizaa, imeipa uwanja mpya tu. Siku hizi iko michezo mingi, ya kompyuta na ya simu, ambayo mchezaji hupewa ardhi tupu akaambiwa aijaze barabara, nyumba na watu. Yamkini, msomaji, umepata kuicheza, au umesimama nyuma ya mwenzako ukimtazama. Nataka tuipime pamoja kama tunavyopima riwaya au tamthilia darasani, kwa maana kazi yo yote inayochukua saa za vijana yastahili kuhukumiwa, na hukumu njema husikiliza pande zote mbili.

Michezo hii ni ya namna mbili. Namna ya kwanza hufuata uhalisi: mchezaji huwa mfano wa meya, hushika bajeti, hutoza kodi, na kila kosa lake humrudia. Namna ya pili ni ya burudani: mchezaji hujenga apendavyo, hadaiwi wala haulizwi. Wapenzi wa namna ya kwanza huwadharau wenzao kwamba wanacheza kitoto. Wapenzi wa namna ya pili hujibu kwamba wenzao wameigeuza starehe kuwa kazi ya karani.

Katika namna ya kwanza, mkubwa wa ukoo ni SimCity, uliobuniwa na Mmarekani Will Wright na kutolewa na kampuni ya Maxis mwaka 1989. Mchezaji hutenga mitaa ya aina tatu, ya makazi, ya biashara na ya viwanda. Huiunganisha kwa barabara na nyaya za umeme. Kisha hungoja aone kama watu watakuja. Kodi ikizidi, watu huhama. Umeme ukikosekana, mtaa hufifia. Miaka 26 baadaye, mwaka 2015, kampuni ya Colossal Order ya Ufini ilitengeneza Cities: Skylines, uliokwenda mbali zaidi. Humo wakazi wana nyumba na kazi, na huonekana wakisafiri kutoka hapa kwenda pale. Maiti huhitaji gari la kuwachukua, takataka huhitaji jaa, na maji machafu huhitaji mahali pa kumwagwa. Mchezaji akitia bomba la maji safi chini ya mahali maji machafu yanapoingia mtoni, mji huugua.

Mfano huo wa bomba watosha kuupa mchezo sifa kubwa. Mwalimu aweza kusema mara kumi kwamba mto huchukua uchafu wa aliye juu ukampelekea aliye chini. Mwanafunzi ataandika daftarini, kisha atasahau. Lakini akiuona mji alioujenga kwa saa nne ukiugua kwa ajili ya bomba moja, hasahau tena. Huo ndio ubora wa uhalisi: hufundisha kwamba tendo huzaa, na mwana wa tendo huzaa pia. Barabara huleta duka, duka huleta magari, magari huleta msongamano, na msongamano humchelewesha mzimamoto wakati nyumba inateketea.

Katika namna ya pili nachagua Townscaper, kazi ya Oskar Stålberg wa Uswidi, iliyotolewa kamili mwaka 2021. Humu hamna fedha, hamna kodi, hamna kushinda wala kushindwa. Mbele yako pana bahari tulivu. Ukigusa mahali, hutokea kipande cha nchi. Ukigusa tena, huota nyumba yenye rangi uliyoichagua. Mchezo wenyewe huamua penye dirisha, penye ngazi na penye tao. Ukizipanga nyumba zikazunguka uwanja, huenda bustani ikachipuka uani. Ndege hutua juu ya mapaa.

Mtu mkali atauliza: mchezo huu una faida gani? Faida yake ni ya jicho. Humkumbusha mchezaji kwamba mji si mabomba na kodi peke yake. Mji ni kivuli cha baraza pia, na kona ambayo mtu hutamani kuifuata aone kilicho nyuma yake. Tena mchezo huu ni mkweli kwa jambo moja: haujidai. Haukuambii kwamba sasa wewe ni meya. Huahidi nusu saa ya raha, na ahadi hiyo huitimiza. Upungufu wake ni kwamba hauna watu. Ni kama kanga nzuri iliyotundikwa dukani: rangi zapendeza, lakini hakuna aliyejifunga. Hakuna achotaye maji, hakuna auzaye, hakuna azikwaye.

Lakini tusidhani kwamba kila mchezo mwepesi hauna hila. SimCity BuildIt, mchezo wa simu uliotolewa mwaka 2014, umerithi jina la mchezo wa hesabu, lakini mwendo wake ni mwingine. Mbao na chuma hutengenezwa kwa kungoja, na asiyeweza kungoja aweza kulipa fedha za kweli ili aharakishe. Mchezo kama huo hauko upande wa uhalisi wala upande wa burudani. Uko upande wa mfuko. Huijaribu subira ya mchezaji, kisha humwuzia dawa ya kukosa subira.

Sasa tuilete michezo hii Ukambani, katika kaunti za Kitui na Makueni, tuone kama itasimama. Huko swali la kwanza la mji si barabara, ni maji. Mito mingi ni ya msimu: hufurika wakati wa mvua, kisha hubaki mchanga mtupu. Katika Cities: Skylines, mchezaji aweza kusimamisha mnara wa maji karibu mahali po pote ambapo udongo haukuchafuliwa, na maji yatatoka mwaka mzima bila kupungua. Kijana wa Mwingi au wa Wote akiliona jambo hilo atacheka. Yeye anajua shimo linalochimbwa katika mchanga wa mto, na mchotaji anayengoja maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Anamjua punda abebaye madumu. Basi mchezo unaosifiwa kwa uhalisi ni halisi kwa nchi za mito isiyokauka. Kwa Kitui ni ngano.

Tazama namna watu wa huko walivyolijibu swali hilo wenyewe. Hujenga ukuta wa mawe na saruji kuukinga mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga, yamejificha na jua. Hilo ndilo bwawa la mchanga. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL limeshirikiana na vijiji vya Kitui kujenga mamia ya mabwawa ya aina hiyo, na Makueni nako yamejengwa mengi. Wakamba wana desturi ya mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi, na desturi hiyo ndiyo iliyobeba mawe mengi ya kuta hizo. Bwawa halijai kwa siku moja. Huenda likataka misimu kadhaa ya mvua, na hakuna kitufe cha kuiharakisha mvua. Hapa pana somo la uhandisi, la subira na la ujirani, na katika michezo yote niliyoitaja somo hili halimo.

Swali la pili ni ardhi. SimCity humkabidhi mchezaji uwanda usio na mwenyewe. Cities: Skylines humtaka alipe anapopanua mji, lakini muuzaji haonekani. Nyumba yenye watu hubomolewa kwa kidole, bila fidia na bila kesi. Aidha, michezo yote miwili huitenga mitaa kwa rangi: makazi huku, maduka kule, viwanda mbali. Nenda Kitui mjini au Wote ukatazame. Duka liko chini na wapangaji wako juu. Fundi cherehani yuko barazani. Muuza maembe yuko kando ya njia. Mtaa huo utaupaka rangi gani? Mwanafunzi aliyeizoea michezo hii, asipojihadhari, aweza kuiona miji yake mwenyewe kuwa makosa yanayongoja kusahihishwa.

Kwa nini michezo ya uhalisi hupungukiwa hivi? Si kwamba watungaji wake ni waongo. Kila mwenye kuiga dunia hana budi kuchagua atakachokitia na atakachokiacha. Stone Librande, aliyeongoza ubunifu wa SimCity mpya ya mwaka 2013, alieleza kwamba walipopima viwanja vya kuegesha magari katika miji ya kweli, waliona vingeumeza mchezo. Wakaamua kuvificha kama kwamba viko chini ya ardhi. Naye Will Wright alipata mawazo kwa Jay Forrester, mwandishi wa kitabu Urban Dynamics cha mwaka 1969. Kitabu hicho kiliueleza mji kwa milinganyo ya hesabu, kikadai kwamba kuwajengea maskini nyumba za bei nafuu huweza kuudhoofisha mji; na wengi walikipinga. Simaanishi kwamba dai hilo limo ndani ya mchezo. Namaanisha kwamba hesabu nayo ina mwandishi. Katika riwaya, sauti ya msimulizi husikika, nasi twaweza kubishana naye. Katika mchezo wa hesabu, msimulizi amejificha nyuma ya tarakimu, na mchezaji hudhani kwamba amesikia sauti ya maumbile.

Jambo hili lingekuwa dogo lau lingekoma kwenye kioo cha kompyuta. Lakini miji ya kweli nayo huanza kwa michoro. Makueni ina mji uliopangwa katika uwanda: Konza, kando ya barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, wenye ekari 5,000, ambao Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wake Januari 2013. Katika picha za wapangaji ulifanana na mji wa mchezo, wenye barabara zilizonyooka na minara inayong'aa. Lakini ardhi ile ilikuwa ya ranchi ya Malili, ikabidi inunuliwe kwanza. Maji yake yalitarajiwa kutoka katika bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, na familia zilizoishi mahali pa bwawa zilitakiwa zihame na kulipwa fidia. Ujenzi wa Konza ulikwenda polepole kuliko picha zilivyoahidi. Asishangae mtu: nje ya mchezo, kila kiwanja kina mwenyewe, na kila tone la maji lina safari yake.

Je, tuitupe michezo hii? La. Uko mfano mwingine, wa Nairobi, unaotufundisha namna ya kuitumia. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, lilishirikiana na kampuni ya Mojang ya Uswidi kuanzisha mradi wa Block by Block. Mradi huo hutumia Minecraft, mchezo wa kupanga matofali, ili wakazi washiriki katika kupanga mahali pao pa wazi. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Minecraft haina kodi wala bajeti ya meya. Iko karibu zaidi na mtoto wa mchangani. Lakini mtu asiyeweza kusoma mchoro wa mhandisi aweza kuonyesha kwa matofali pale anapotaka njia, au pale anapotaka kivuli. Mchezo haukuijua Kibera; walioijua ni wachezaji, nao ndio waliouletea uhalisi wake.

Basi hukumu yangu ni hii. Ukitaka kujifunza sababu na matokeo yake, mchezo wa uhalisi washinda, na kuushinda si rahisi. Ukitaka kulifungua jicho na kuulegeza ulimi, mchezo wa burudani washinda. Lakini hatari ya wa kwanza ni kubwa zaidi, kwa sababu huaminiwa. Townscaper hauwezi kumdanganya mtu kuhusu Kitui, kwa maana haudai kuijua nchi yo yote. Mchezo wa hesabu waweza, kwa maana husema kwa sauti ya mjuzi.

Nawe, msomaji, cheza, lakini cheza kama msomaji. Mbele ya kila mji wa kioo uliza: maji haya yatoka wapi? Ardhi hii ilikuwa ya nani? Nani hakuulizwa? Katiba ya mwaka 2010 yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya kaunti zao, na serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Siku moja utaketi barazani, Wote au Kitui, na ofisa atatandaza mezani mchoro wa soko jipya au wa kituo cha mabasi. Mchoro huo utakuwa na mistari iliyonyooka na rangi za kupendeza, na wengi watapiga makofi. Wewe tafuta kwanza mahali ulipochorwa mto, kisha nyosha mkono uulize kama una maji mwezi wa Septemba.