Chapa za Vyombo vya Fedha vya Uchina

Kitabu cha H. A. Crosby Forbes, John Devereux Kernan na Ruth S. Wilkins juu ya fedha ya Uchina iliyouzwa ng'ambo kati ya 1785 na 1885, kilichotolewa mwaka 1975 huko Milton, Massachusetts, kiliwarudishia wenyewe mali iliyokuwa ikihesabiwa ya wengine. Kabla yake, vijiko na mabirika mengi yaliyofuliwa Canton yalikaa katika makabati ya Uingereza na Marekani kwa majina ya mafundi wa nchi hizo. Sababu yake ni chapa. Wafua fedha wa Canton waligonga juu ya kazi zao simba, kichwa cha chui, kichwa cha mfalme na herufi moja, kwa kuiga alama za London. (Neno lenyewe la chapa lina asili ya Kihindi, na neno hilohilo la Kihindi lilifika Canton katika Kiingereza cha wafanya biashara, hivyo bandari mbili zilizo mbali zilikopa mlango mmoja.)

Hata hivyo kuna wanaokitumia kitabu hiki vibaya. Huiona alama ya London, wakatazama mwaka wake katika orodha za Kiingereza, wakadhani wameupata umri wa chombo. Mwigo huonyesha umri wa kilichoigwa, si wa kilichoiga. Kichwa cha mfalme kilianza kugongwa Uingereza mwisho wa 1784 kuwa dalili ya ushuru uliolipwa. Basi chombo cha Canton chenye kichwa hicho hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Kwamba chaweza kuwa cha miaka mingi baadaye, alama haikatazi. Chui wa London alivuliwa taji mwaka 1821, lakini fundi wa Canton hakuwa na amri ya kumvua wa kwake. Mwenye kuzoea hati za tenzi atalitambua jambo hili mara moja: tahajia ya kale katika nakala haiifanyi nakala kuwa ya kale.

Ushahidi bora hupatikana pale mwigaji alipokosea. William Eley, William Fearn na William Chawner waliandikisha London, mwaka 1808, chapa ya WE, WF na WC. Katika fedha ya Canton huonekana WE, WE na WC. Aliyekata muhuri ule hakusoma herufi, alichora umbo lake tu, na kwa mstari mmoja uliozidi akamfanya Fearn kuwa Eley wa pili. Kosa hilo lafaa kuliko usahihi wa alama nyingine zote, kwa maana laonyesha mkono na pia mwaka ambao kazi haiwezi kuutangulia.

Katika vyombo vya baadaye, vya majoka, mianzi na maua, alama za London huondoka, na badala yake huja herufi za Kilatini, tarakimu 90 ya kuonyesha kiasi cha fedha halisi, na maandishi ya Kichina. Hapo lugha yahitajiwa zaidi, na hapo ndipo inapopuuzwa. Orodha nyingi za mnada humtaja "fundi Wang Hing" kana kwamba alikuwa mtu mwenye nyundo. Wang Hing ni jina la duka, lenye maana ya ustawi mkubwa, lililochaguliwa kwa baraka kama wachaguavyo wafanya biashara. Luen Wo wa Shanghai, kadhalika, ni umoja na amani. Tena jina hilo limeandikwa kwa matamshi ya Canton. Kwa matamshi ya kaskazini maandishi yaleyale husomwa Lianhe, na mtafutaji asiyejua hilo atawahesabu wawili. Herufi za Kilatini, basi, kwa kawaida ni za muuzaji. Maandishi ya Kichina yaliyo kando mara nyingi ndiyo ya karakana iliyofua, isipokuwa yanaposema ubora tu, kama zuwen, fedha kamili. Kumnakili muuzaji na kumwacha mfuaji bila kusomwa ni kurudia dhuluma ileile iliyoondolewa mwaka 1975, kwa njia nyingine.

Neno "China" lililogongwa kwa Kiingereza hutajwa sana kuwa dalili ya umri, kwa kuwa sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka. Linapokuwapo lasaidia. Lisipokuwapo halithibitishi neno, maana vyombo vingi havikuelekea Marekani.