Jembe Letu, Mizani Yao: Uchambuzi wa Uhuru wa Mwanamuziki Mtandaoni

Yapo maneno ambayo ubepari huyapenda kwa sababu huficha mahusiano halisi ya uzalishaji mali. Mojawapo ni "mwanamuziki huru". Sokoni, mwanamuziki huru ni yule asiyefungwa na mkataba wa kampuni ya kurekodi. Hurekodi mwenyewe, hujitangaza mwenyewe, huuza mwenyewe kwa njia ya mtandao. Anaambiwa kwamba hana bwana. Vijana wengi, wakiwemo makada wetu, wamelipokea neno hili bila kulihoji. Sisi tunauliza: huru kutokana na nani, na huru kufanya nini?

Tulikotoka

Swali hili halijibiki bila historia. Katika miaka ya 1960 na 1970 bendi nyingi kubwa za dansi nchini zilikuwa chini ya vyombo vya umma. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana. Mlimani Park, iliyoanza 1978, baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mwanamuziki alipata mshahara, alipewa ala, na nyimbo zake zilirekodiwa na kurushwa na Radio Tanzania.

Tusiipambe historia hiyo. Ala zilikuwa mali ya mwajiri, na aliyehama bendi aliziacha nyuma. Kanda zilibaki redioni, na mtunzi hakuwa na sauti ya maana juu ya matumizi yake. Kaseti zilipoenea, wanakili wakavuna wasikopanda. Redio binafsi zilipoanza katikati ya miaka ya 1990, msanii alijikuta mbele ya wasambazaji wachache waliomlipa kwa mkupuo na kumwacha aende zake. Sheria ya Hakimiliki ya 1999, iliyozaa COSOTA, ilikuja wakati unyonyaji huo umekwisha kuota mizizi.

Basi mtandao ulipofika ulimkuta mwanamuziki aliyekwisha kunyonywa. Furaha yake haikuwa ujinga. Ilikuwa na msingi, na mchambuzi anayeibeza hajui anachokisema.

Kilichobadilika na kisichobadilika

Kilichobadilika ni zana za kuzalishia. Zamani studio ilikuwa mali ya dola au ya tajiri. Leo kompyuta moja, kipaza sauti na chumba kimoja cha kupanga vinatosha. Muziki wa singeli ni ushahidi. Umelelewa katika mitaa kama Manzese na Tandale, katika studio ndogo za vijana wasio na mtaji, ukasambaa kwa memori kadi, kwa simu na kwa ngoma za mtaani. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, na dunia ikausikia. Hakuna kampuni kubwa iliyoubuni muziki huo. Ni kazi ya watoto wa wavuja jasho.

Lakini kumiliki zana za kuzalishia si kumiliki njia za kubadilishana mali. Mkulima wa pamba ana jembe lake na shamba lake. Hakuna anayemsimamia wakati wa kupalilia. Hata hivyo bei hapangi yeye, na mizani si yake. Mwanamuziki huru yuko katika hali hiyo hiyo. Ameshika jembe, mizani wameshika wengine.

Tuiangalie mizani hiyo. Spotify iliingia Tanzania Februari 2021. Msanii asiye na kampuni hupitia kwa wakala wa usambazaji, na baadhi ya mawakala hutoza ada ya kila mwaka, wimbo upate wasikilizaji au usipate. Fedha za wasikilizaji haziendi moja kwa moja kwa wale waliowasikiliza. Huwekwa katika chungu kimoja, kisha hugawanywa kwa uwiano wa mara zote nyimbo zilizosikilizwa. Kijana wa Mbeya anayelipia huduma hiyo na kumsikiliza msanii wa mtaani kwake peke yake, sehemu kubwa ya fedha yake humfikia nyota wa mbali ambaye hajamsikiliza hata mara moja. Tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 hauhesabiwi kabisa katika mgao huo. Jasho la wadogo huongezwa katika fungu la wakubwa, na jambo hilo huitwa utaratibu.

YouTube nayo humpa mwenye video asilimia 55 ya mapato ya matangazo na kubaki na 45. Lakini kwanza lazima afikishe wafuasi 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa katika mwaka au watazamaji milioni 10 wa video fupi katika siku 90. Kabla ya hapo anafanya kazi bila ujira. Tena mtangazaji hulipa zaidi kwa mtazamaji wa Marekani kuliko wa Tanzania. Mapenzi ya watu wetu kwa wimbo wao hupimwa kwa uwezo wao wa kununua bidhaa za wengine.

Hata jukwaa linalosifiwa kwa haki halimo mikononi mwa wanaolijaza. Bandcamp, ambayo kwa kawaida hukata asilimia 15 tu ya mauzo ya muziki, iliuzwa kwa Epic Games mwaka 2022 na kwa Songtradr mwaka 2023, na karibu nusu ya wafanyakazi wake wakapoteza kazi. Wanamuziki, ambao ndio uhai wake, hawakuwa na kura.

Mizani huunda hata wimbo

Kosa la wachambuzi wengi ni kutenganisha uchumi na umbo la sanaa. Katika Spotify, usikilizaji huhesabiwa baada ya sekunde 30. Kwa hiyo utangulizi hukatwa na kiitikio husogezwa mbele. Wimbo wa dansi ulianza na kisa, ukakijenga kwa ubeti, ndipo ukafika kwenye chemko. Msikilizaji alifikiri kwanza, akacheza baadaye. Leo msanii hutunga kipande cha kuchezea TikTok, kisha hutafuta wimbo wa kukizunguka. Si kwamba kipaji kimepungua. Mnunuzi amebadilisha kipimo.

Nini kifanyike

Kwanza, tuseme ukweli juu ya migongano iliyomo ndani. Akaunti huwa kwa jina la mwimbaji. Prodyuza aliyetengeneza mdundo mara nyingi hulipwa mara moja, na mtunzi husahauliwa. Anayelalamikia unyonyaji wa jukwaa naye aandike mgawo wa kila mmoja kabla ya kupandisha wimbo.

Pili, mnyonge mmoja mmoja hawezi kujadili bei. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walilijua hilo walipounda KNCU mwaka 1933. Ushirika wa wanamuziki unaweza kulipia wakala kwa pamoja, kujadiliana na makampuni ya simu juu ya miito, na kuwa na orodha yake wenyewe ya wasikilizaji, ambayo hakuna jukwaa litakaloifunga.

Tatu, ushirika huo usiundwe ofisini. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya mazao vilivunjwa na kazi yake kupewa mamlaka za mazao. Mwaka 1982 ilibidi sheria ivirudishe. Mkulima ndiye aliyelipa gharama ya miaka hiyo. Kada anayekwenda kwa wanamuziki na katiba mkononi na viongozi mfukoni ataurudia mkosi ule. Wajibu wake ni kuwasaidia wasome mikataba, wajue hesabu za mgao, na wachague viongozi wao wenyewe.

Mwanamuziki wa leo hahitaji kuhubiriwa kwamba yu huru, wala kuonewa huruma kwamba ni mtumwa. Jembe tayari analo. Kazi iliyobaki, kwake na kwetu, ni kuifikia mizani.