Yai lenye ncha si jogoo: tuiangalie upya ile video

Kuna video fupi inazunguka sana kwenye makundi ya wafugaji. Jamaa anashika yai lenye ncha, anasema, "Hili jogoo." Anashika la mviringo, "Hili mtetea." Mwisho anaonyesha vifaranga wanne waliokua, na wote eti wametoka kama alivyotabiri.

Mama mdogo aliiamini. Akachagua mayai ya mviringo tu, akamwekea koo atamie. Leo ana majogoo sita kati ya kuku kumi, na bei ya pumba haijashuka.

Tumpe jamaa haki yake: anaeleweka, na swali lake ni la kweli. Anayefuga kwa ajili ya mayai anataka kujua mapema anamlisha nani. Tatizo ni jibu.

Kwa binadamu, mbegu ya baba ndiyo inayoamua jinsia ya mtoto. Kwa kuku ni kinyume. Jogoo ana kromosomu ZZ, jike ana ZW, kwa hiyo yai la mama ndilo linaloamua, tena kabla kiini hakijatoka kwenye ovari. Ganda linakuja baadaye, linajengwa kwa saa 20 hivi. Umbo la yai linatokana na mrija wa uzazi wa kuku mwenyewe. Ndiyo maana kuku yuleyule hutaga mayai yanayofanana, na bado hutotoa majike na madume.

"Mbona wanne wote alipatia?" Sawa. Kubahatisha wanne bila kukosea ni nafasi 1 kati ya 16. Wakijaribu watu wengi, wapo watakaopatia, na hao ndio wanaoturushia video. Waliokosea wamenyamaza.

Dokezo lake la pili, la manyoya ya bawa, lina nusu ya ukweli. Kuna jeni ya kuchelewa kuota manyoya, ipo kwenye kromosomu Z. Ukipandisha jogoo wa kuwahi na kuku wa kuchelewa, vifaranga majike huwahi na madume huchelewa, na tofauti huonekana siku ya kwanza. Lakini hiyo ni kazi ya mashamba ya mbegu yaliyopanga wazazi makusudi. Kwa kuku wetu wa kienyeji waliochanganyika, bawa halikuambii kitu. Hili jamaa hakulisema, na ndilo lilikuwa muhimu kuliko yote.

Angepaswa kusema: subiri. Kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8, upanga wa madume wengi huwa mkubwa na mwekundu kuliko wa majike. Kufikia wiki ya 12 hivi, tazama manyoya ya kiunoni, karibu na mkia: ya dume yamechongoka na yanang'aa, ya jike yana ncha ya duara.

Hayo yangetosha sekunde 30, na mama mdogo asingepoteza miezi mitatu.